Kibao cha Samson kwenye Meli ya Kaidi

"Kitupe mtoni! Kitupe leo, kitupe sasa hivi, kabla Irene hajafika!" Placida alisema, na kila aliposema kitupe aliipiga meza yangu kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Sikitupi," Deus akajibu.

"Basi kimeze."

"Mama Nancy, acha mzaha."

"Mzaha! Nani aliyeleta mzaha kwenye habari hii? Mimi?"

Mezani, kati ya bakuli la sukari na sahani ya mihogo ambayo hakuna aliyeigusa, kililala kibao cha shaba, cha duara, ukubwa wa biskuti, kina tundu juu na namba tisa katikati. Kilikuwa kibao cha Samson. Siku sita nzima Deus alitembea nacho mfukoni mwa suruali kama mtu aliyebeba kaa la moto, na Jumanne ile ndipo alipokitoa mbele ya mkewe kwa mara ya kwanza. Placida alikuwa na dakika kumi tu tangu aambiwe, kwa hiyo msimlaumu kwa makelele.

Walikuja kwangu kwa sababu kwao hakukaliki. Kwao, ghorofa mbili juu yangu, watu wa kanisani na majirani walikuwa wakiingia na kutoka kumpongeza Deus, wengine na keki. Maana huku kwetu Thamesmead, London, kila mtu alikwishasikia kwamba Deus Masanja ndiye aliyemtoa Samson, fundi mwenzake, ndani ya meli ya chuma, akiwa amebakiza pumzi mbili tatu. Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni nani aliyesababisha Samson afungiwe mle.

"Saa tisa Irene anapita hapa kuchukua uji wa mumewe Samson," nikawakumbusha, mwiko mkononi. "Saa kumi na moja wale watu wa ofisi ya meli wanakwenda hospitali kitandani kwake kuandika maneno yake. Sasa hivi ni saa nane na robo. Kama ni kugombana, gombaneni kwa mkato."

Niwaeleze kwanza huyu Deus ni mtu wa namna gani, maana ukimwona siku ile, mwanamume mzima wa miaka hamsini na nane, amejikunyata kwenye meza ya jikoni, ungemdhania mwoga. Si mwoga.

Ni Msukuma wa Mwanza, mrefu kiasi kwamba akiingia kwangu taa ya dari inampisha. Mimi ni Mzaramo wa Maneromango, na Samson vilevile, kwa hiyo Deus ni mtani wetu sote wawili, na mnajua wenyewe mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Mtani anakuchukulia kofia yako msibani, wewe unalia na yeye ameivaa, na hakurudishii mpaka uikomboe. Tumekuja nayo mpaka Uingereza desturi hii, uwanja wa ndege hawakuiona kwenye mizigo.

Ujanani Deus alijifunza kazi kwenye karakana ya meli ziwani, kwenye zile feri za kubeba watu na ndizi. Huko ndiko alikopata sikio lake. Anagonga bati la meli kwa nyundo ndogo, anainamisha kichwa, anasikiliza, kisha anakwambia hapa pazima, hapa pamebaki unene wa karatasi. Wengine wanapimia mashine, yeye anapimia sikio, na mashine ikitoa jibu tofauti wanairudia mashine. Siku moja aligonga boila yangu ya maji ya moto akasema itakufa Alhamisi. Ilikufa Jumatano, kwa aibu ya kusemwa.

Alipofika London hakuna aliyemuuliza kuhusu sikio. Alipewa ufagio. Miaka kumi na moja akasafisha ofisi za watu, anapanda basi kabla jua halijapanda. Mpaka siku moja akiwa anatembea kando ya mto, hapa hapa Thamesmead, akaona tagi mbili, zile boti za kukokota meli, zinavuta kitu cheusi, kirefu kama mtaa, hakina mlingoti wala bomba la moshi, kimejaa kutu na kinyesi cha ndege. Deus anasema moyo ulimdunda kama aliyemwona ndugu. Akakifuata kwa miguu kando ya mto, maili sijui ngapi, na mfuko wa maziwa mkononi. Kilipoingizwa kwenye gati na yeye akaingia. Mzee mmoja Singasinga mwenye kofia ya kazi juu ya kilemba akamfokea kwa Kiingereza kwamba hapa si njia. Deus akaokota jiwe, akagonga ubavu wa meli mara tatu, akasema, "Hapa pamekwisha, mzee. Lakini pale ni pazima kabisa."

Yule Singasinga ndiye Surjit, msimamizi wa mafundi, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake kikamrudia papo hapo. "Mimi wa Kisumu, wewe umetoka wapi?" akauliza. "Ziwani," Deus akasema. "Ziwa gani?" "Lile lile lako." Wiki iliyofuata Deus akarudisha ufagio wa watu.

Meli yenyewe Waingereza waliibatiza jina lenye maana ya mtu asiyesikia la mtu, na sisi nyumbani tunaiita Kaidi. Habari zake ninazijua kwa sababu Deus hana hadithi nyingine. Ukimkaribisha chai anakuhadithia Kaidi, ukiwa na maumivu ya jino anakuhadithia Kaidi.

Alijengwa miaka mia moja na hamsini iliyopita, juu kidogo ya mto huu huu. Kabla ya hapo meli zote za vita zilikuwa za mbao, na mizinga mipya ikaanza kutupa makombora yanayopasuka, ikawa kwenda vitani na meli ya mbao ni kama kwenda motoni umevaa makuti. Mafundi wakasema tuivishe chuma. Wakamvisha Kaidi mabamba ya chuma unene wa shubiri, na nyuma ya chuma wakapanga magogo ya msaji, ili kombora likipiga, chuma kizuie na mti umeze kishindo. Mizinga yote wakaiweka katikati, ndani ya sanduku moja la chuma. Mbele wakamtengenezea pua ndefu chini ya maji ya kuwachoma wenzake ubavuni kama kifaru. Wakampa injini ya mvuke. Halafu wakubwa wa serikali, ambao hawakuiamini injini, wakasema mpeni na matanga pia, milingoti mitatu. Basi akawa mzito mno kwa upepo, na kamba zake nyingi mno kwa injini, akawa hana mbio yoyote.

Siku ya kumshusha majini alikataa. Walipiga bendi mpaka midomo ya wapiga tarumbeta ikavimba, hakusogea. Siku ya tatu akajiendea mwenyewe watu wakiwa wanakula, na maji yaliyoruka yalipanda mpaka samaki wakaokotwa kwenye mabomba ya moshi ya nyumba za Woolwich. Deus anasema habari ya samaki si kweli. Namwambia hata wewe hukuwapo.

Akapelekwa bahari ya Mediterania kusubiri vita. Akasubiri. Mabaharia mia saba wakasugua shaba, wakapaka rangi, wakala biskuti zenye wadudu, vita havikuja. Kukiwa na mawimbi alikuwa analala upande mpaka mpishi anakaangia mayai ukutani. Hajafikisha miaka kumi na mitano akaambiwa amezeeka, zimetoka meli mpya zenye mizinga inayozunguka. Wakamfanya mlinzi wa bandari. Kisha shule ya watia makaa. Kisha wakamkata milingoti akawa ghala la makaa ya mawe. Mwisho wakamvua hata jina, wakampa namba, wakamfunga kwenye hori, mkono wa maji wenye matope, awe gati la boti za mafuta, akakaa huko miaka sitini, watu wanamkanyaga mgongoni bila kujua yeye ni nani. Ndipo chama kimoja cha wapenda meli kikaenda kumtoa ili kimkarabati.

"Miaka mia na hamsini, Bibi," Deus alikuwa akiniambia. "Meli ya vita, lakini haijaua hata panzi." Alikuwa anajivunia utadhani kamlea yeye.

Jumanne ile hakusema hivyo. Alikiangalia kibao pale mezani akasema, "Haikujaribu kuua mtu mpaka ilipokutana na mimi. Ilikuwa bado kidogo tu niifundishe."

Placida akaacha kupiga meza.

Sasa sikilizeni lilivyotokea, maana hapa siongezi chumvi. Ninaogopa hata kuliandika.

Chini kabisa ya Kaidi kuna sakafu mbili, moja ya nje inayogusa maji na moja ya ndani, na kati yake wale mafundi wa zamani walijenga vyumba vidogo vidogo vya chuma, makumi kwa makumi, ili meli ikitoboka chini maji yajae chumba kimoja tu, yasienee. Mtu anaingia kwa tumbo, kupitia tundu la kutosha mabega. Kutoka chumba kwenda chumba kuna tundu jingine. Ndani ni giza, kutu na baridi, na Deus anasema jambo baya kuliko yote ni kwamba kutu inakula hewa. Chuma kilichofungiwa miaka kinapata kutu, na kutu inanyonya ile pumzi yote, inabaki hewa isiyo na uhai. Huisikii harufu. Unaingia, unafikiri unavuta pumzi, miguu inaisha nguvu, umekwisha.

Kwa hiyo wana utaratibu. Kuna feni kubwa ya kusukuma hewa kwa bomba. Na kuna ubao wenye misumari pale juu: anayeshuka anatundika kibao chake cha namba, anayepanda anakitoa. Jioni Surjit anaangalia ubao. Kama hauna kibao, chini hakuna mtu. Anazima feni, anafunga mfuniko kwa bolti, watu wanakwenda nyumbani. Miaka yote hiyo ubao haujawahi kudanganya.

Jumapili ya kabla ya ajali, hapa kwangu, Samson alikuwa amemfichia Deus kiatu. Kimoja. Deus akatafuta mpaka kwenye friji. Akakikomboa kwa kreti zima la soda, na sisi Wazaramo tukanywa tukimcheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Msukuma, umelala. Mwenzio keshakufunga mbili bila."

Jumatano, kazi inakaribia kwisha, Deus akapita pale kwenye ubao. Akaona kibao kimoja tu kimebaki, namba tisa, cha Samson. Wote walikuwa wamepanda, na saa ile ilikuwa ya kukusanya vyombo. Akadhani Samson naye amekwishapanda akasahau kukitoa, kama anavyosahau kila kitu. Akakichukua. Akakitia mfukoni, akaenda chumba cha chakula, ambacho kimo humo humo melini, akajimiminia chai, akakaa kumsubiri mtani wake aje amemtolea macho, anatafuta kibao. Alikwishapanga na fidia: sato wawili wakubwa, wa kukaanga.

Samson hakuwa amepanda. Alikuwa ameisahau taa, akarudi huko ndani kuifuata, na kibao chake kilikuwa pale pale kinapotakiwa kuwa.

Surjit akaja, akaangalia ubao. Mtupu. Hata hivyo aliinama kwenye tundu akaita mara mbili. Samson alikuwa ameingia chumba cha tatu huko ndani, na masikioni ana vile vizibo vya kuzuia kelele. Feni ikazimwa. Mfuniko ukafungwa.

Deus anasema alikunywa chai mbili. Kila akikumbuka anarudia hapo: chai mbili, Bibi, na biskuti. Alikuwa anacheka peke yake.

Kisha akasikia. Mtu mwingine asingesikia, maana Kaidi analia mchana kutwa, maji yanampiga, kamba zinamvuta. Lakini Deus akasikia chuma kinagongwa kutoka chini. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Mara mbili. Akaweka mkono mfukoni akakuta kibao.

Alikimbia ngazi nne. Hakuita mtu, Surjit alimwona tu anapita akamfuata. Bolti nane. Alizifungua kwa spana, mbili akaziharibu. Kugonga kulikuwa kumenyamaza. Walipoinua mfuniko wakaona kiganja cha Samson, hapo hapo chini ya tundu. Alikuwa amejikokota mpaka hapo akaishiwa. Surjit akamkamata Deus kiuno asitumbukie, wakawasha feni, Deus akaingiza mikono yake ile mirefu akamshika Samson vifundo vya mikono akamvuta kama anavyovutwa ndama. Samson alikuwa wa rangi ya majivu. Hakuwa na uzito, Deus anasema. Mtu mzima, na hakuwa na uzito.

Gari la wagonjwa likaja. Watu wakampiga Deus mgongoni, umemwokoa, umemwokoa. Naye akawapa mkono, kibao kimo mfukoni.

Tangu siku hiyo ameingiwa na hofu kama mtu aliyetupiwa jini. Lifti hapandi, anapanda ngazi ghorofa sita. Chooni anaacha mlango wazi, mkewe alidhani ni ugonjwa. Mabomba ya kupashia joto nyumba hizi yanagonga gonga kila saa, mnayajua, na kila yakigonga Deus anaruka, anaweka sikio ukutani, anahesabu. Jumapili kanisani walimwita mbele wamshukuru. Alisimama pale jasho linamtoka, akasema maneno mawili, "Msinishukuru mimi," nao wakasema tazama mtu mnyenyekevu.

"Msikilize mke wako," Placida alisema, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ya chini ilinitisha kuliko ile ya kwanza. "Samson amezinduka. Anaongea. Hakumbuki kitu. Irene mwenyewe kanipigia asubuhi: hakumbuki hata kama alikula siku ile. Basi. Mungu amelifunika, wewe unalifunua la nini?"

"Kwa sababu ofisi inasema hakutundika kibao."

"Waseme."

"Inasema alishuka kizembe. Surjit kaniambia jana. Wakiandika hivyo leo, Samson hagusi meli tena maisha yake. Hapa wala popote."

"Atapata kazi nyingine."

"Na yeye mwenyewe anaamini!" Deus alipaza sauti mara ya kwanza. "Juzi nimesimama pale kitandani, kanishika mkono, kaniambia, mtani, nisamehe, nimekutia hofu, labda kweli sikutundika. Ananiomba mimi msamaha, mama Nancy! Mimi!"

Placida akafunika uso kwa mikono. Anafanya kazi ya kutunza wazee, mwanamke mgumu, amefumba macho ya maiti wengi kuliko miaka yangu, lakini mabega yakaanza kutikisika. "Watakufunga," akasema kupitia vidole. "Watasema umekusudia. Utawaeleza nini hawa watu? Utani? Utawaambia kwetu mtu akikupenda anakuibia? Wataandika hiyo kwenye karatasi?"

Alisema kweli. Hata mimi niliwaza nikijiona mbele ya Mzungu mwenye tai nikimweleza habari za kiatu kwenye friji, nikaugeukia uji nikaukoroga.

"Surjit ataelewa," Deus akasema.

"Surjit siye jaji."

"Na meli hawatanirudisha. Hilo najua." Alisema polepole, kama anayeonja. "Hilo najua kabisa."

Nikazima jiko. Uji ulikuwa tayari na saa ilikuwa nane na dakika arobaini. "Mtani," nikamwambia, "unajua utakachomwambia Irene?"

"Nitamwambia."

"Nimekuuliza unakijua?"

Akatazama saa ya ukutani.

Basi nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikavua kanga ya kichwani nikaitupia begani vile Irene anavyotupia mtandio wake, nikakunja mdomo. "Haya. Mimi ndiye Irene. Shemeji Deus, hujambo?"

"Bibi, si wakati wake."

"Bibi yuko wapi hapa? Mimi ni Irene, nimetoka kazini, miguu inaniuma, mume wangu yuko hospitali. Hujambo shemeji?"

Placida akaondoa mikono usoni akatutazama kama tumerukwa na akili. Lakini hakutuzuia.

"Sijambo shemeji," Deus akasema. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, kwa sababu yako, mwokozi wetu."

Nilifanya kusudi. Uso wake ukakunjamana kama aliyemwagiwa ndimu kwenye kidonda. Akanyanyuka, akaenda mpaka dirishani, akarudi. "Siwezi."

"Mara ya pili," nikasema. "Shemeji Deus, mbona umesimama? Una nini?"

"Shemeji, kuna jambo. Ile... ile feni. Ile feni ilizimwa kwa sababu..."

"Kwa sababu Surjit aliizima," nikamkata. "Unataka kumbebesha Singasinga wa watu?"

"Hapana!"

"Basi anza kwako. Usianzie kwenye feni. Mwanamke ukimwanzia kwenye feni atadhani umekuja kumuuzia."

Placida akacheka. Kicheko kimoja, kifupi, kikamtoka na machozi, akajifuta kwa mkono wa sweta. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akakivuta kile kibao kwa kidole, taratibu, akakipitisha kando ya bakuli la sukari mpaka upande wa mumewe.

"Kishike," akamwambia. "Kama ni kusema, kishike mkononi akione. Usimwache aulize uthibitisho." Sauti ilikuwa imemkauka. "Na wakikuchukua, mimi nitakuja nao kwenye gari hilo hilo. Sitabaki na hizo keki peke yangu."

Deus akakishika.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa. Chini barabarani basi likasimama, milango ikafunguka kwa ule mpumuo wake, na sote watatu tukageuza shingo. Nikajikaza, nikatengeneza kanga begani.

"Mara ya mwisho," nikasema. "Mimi ni Irene. Nimeingia. Nimekaa. Shemeji, habari za leo?"

Akavuta pumzi. Alisimama wima, kichwa karibu na taa.

"Shemeji," akasema, "siku ile Samson alitundika kibao chake. Alikitundika. Aliyekitoa ni mimi. Nilikitoa kwa utani, nikakitia mfukoni, nikaenda kunywa chai, na wao wakaona ubao mtupu wakafunga. Sikukwambia kwa siku sita kwa sababu ninaogopa. Naogopa kufungwa, naogopa kuikosa ile meli, na naogopa zaidi namna utakavyoniangalia. Lakini mumeo hana kosa. Nataka uwaambie watu wa ofisi kabla ya saa kumi na moja, au unichukue twende wote, nikawaambie mimi mwenyewe, na kama..."

Mlango wangu siufungi mchana, kila mtu anajua. Ukasukumwa. Irene akaingia na hodi yake mdomoni, chupa tupu ya uji kwapani, mvua kwenye nywele, akatukuta Placida ana macho mekundu, mimi nimekaa na kanga begani kama yeye, na Deus amesimama katikati ya jiko mkono umenyooka mbele, kibao kiganjani.

"Jamani," akasema, "mbona kimya?"

Mimi nikaondoka kwenye kiti, nikampisha Irene mwenyewe.